Sipi, Ukerewe au Ziwa Kivu? Safari ya begi la mgongoni kutoka Kisumu

Kila mwaka unapokaribia kuisha, kuna mtu hapa Kisumu hunipigia simu akitaka kujua ni wapi nje ya nchi panapofaa kundi la marafiki wenye mifuko myepesi. Wote huanza na bei. Mimi huanza na kulala: mtalala mara ngapi, na katika hizo, ni mara ngapi mtalala mmeketi ndani ya basi?

Nauliza hivyo kwa sababu nimeshuhudia urafiki wa miaka mingi ukitikiswa saa tisa za usiku kwenye kituo cha mafuta, chanzo kikiwa chupa ya maji ambayo hakuna aliyetaka kuilipia. Mchana, baada ya kuoga na kula, yule yule aliyekataa aliwanunulia watu wote soda.

Nimetoka hapa na begi mgongoni mara tatu, kila mara na watu wanne au watano. Mara ya kwanza tulikwenda Sipi, kwenye maporomoko yaliyo upande wa Uganda wa Mlima Elgon. Mara ya pili Ukerewe, kile kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria, upande wa Tanzania. Mara ya tatu Karongi, mji ambao wengi bado wanauita Kibuye, kando ya Ziwa Kivu nchini Rwanda. Kila kichwa kilichangia hivi, nauli, malazi na chakula vikiwa ndani: Sipi kwa siku nne, kama Sh11,000 za Kenya. Ukerewe kwa siku sita, Sh14,000. Kivu kwa siku tisa, Sh33,000. Bei hupanda, kwa hiyo ongezeni kidogo, lakini uwiano wenyewe haujabadilika sana.

Ukigawa kwa siku, Ukerewe ndiyo rahisi kuliko zote, kama Sh2,300 kwa siku, na Kivu ndiyo ghali. Ila hesabu hiyo inadanganya kidogo. Katika siku tisa za Rwanda, usiku mitatu tulilala mmoja kaegemea bega la mwenzake ndani ya basi, na siku iliyofuata kila usiku huo haikuwa siku ya maana. Sipi hatukulala kwenye kiti hata mara moja.

Makaratasi

Hapa ndipo watu hujikwaa kabla hata ya kufunga begi. Tangu 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Tanzania haimo katika mpango huo. Huko unahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Uhamiaji wa Kenya kwa ada ndogo. Pasipoti mpya sasa ni zaidi ya Sh7,000, kwa hiyo kama watatu kati yenu hawana, hati ya muda ndiyo itakayoiokoa Ukerewe isiwe safari ya bei kubwa. Ishughulikieni mapema, si asubuhi ya kuondoka.

Na kitambulisho kiwe kitambulisho. Mwenzetu mmoja alikuwa amepoteza chake, akaja Malaba na ile karatasi ya kusubiria kipya. Afisa aliipokea, akaigeuza, akatazama mgongo wake mweupe kana kwamba jibu limeandikwa huko, kisha akamrudishia bila neno. Tulimwacha upande wa Kenya akitafuna mahindi ya kuchoma. Mchango wake tulimrudishia, lakini chumba cha watu wanne tulikilipia watatu.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano bebeni bila kujali mnakokwenda. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Habari njema ni kwamba tangu 2016 chanjo hiyo huhesabika kuwa ya maisha, hivyo aliyewahi kuchanjwa asikubali kuambiwa kadi yake imepitwa na wakati.

Barabara tatu

Ya Sipi ni fupi na inachangamsha. Matatu hadi Bungoma, nyingine hadi Malaba, kisha mnavuka mpaka kwa miguu mkipita kando ya malori yaliyopanga foleni isiyoonekana mwisho. Upande wa pili kuna gari la kwenda Tororo, ambako lile jabali linakutangulia kwa kilomita kadhaa kabla ya mji wenyewe, halafu Mbale, halafu mnaanza kupanda mlima. Ukitoka Kisumu alfajiri, kabla ya giza umeshashika kikombe cha chai Sipi. Waliopo Kitale wana njia yao ya Suam na Kapchorwa, na hawana haja ya kushuka huku chini.

Ya Ukerewe ni siku nzima, lakini siku yenye mambo. Ahero, Kisii, Migori, Isebania. Ukivuka, mji wa upande wa pili unaitwa Sirari, na kutoka hapo basi la Mwanza linapita Tarime na Bunda. Kati ya Bunda na Lamadi barabara inagusa ukingo wa magharibi wa Serengeti. Tuliona pundamilia kupitia dirishani, bure kabisa, na kondakta hakuona sababu ya kugeuza shingo. Usiku mnalala Mwanza, asubuhi mnapanda meli ya Nansio, mwendo wa kama saa tatu. Mwenye haraka anaweza kushuka Bunda, akaenda Kisorya na kuvuka kwa kivuko kifupi hadi Rugezi, akiwa tayari kisiwani. Inaokoa pesa ya chumba cha Mwanza, ila mtaikosa Mwanza, na mimi nisingeiruka. Ni mji wa mawe makubwa yaliyobebana juu ya vilima, nyumba zikiwa zimejibana katikati yake. Mtu wa Kisumu akiyaona atakumbuka Kit Mikayi, yale mawe yetu yaliyobebana, halafu aone Kit Mikayi mia zimepangwa hadi majini.

Ya Kivu ni adhabu. Kisumu hadi Kampala ni saa saba au nane ikiwa mpaka wa Busia haukuwachelewesha, Kampala hadi Kigali kupitia Gatuna ni saa kumi na kidogo, na Karongi bado iko mbele, kona juu ya kona. Gatuna gari linahama upande wa barabara, maana Rwanda huendesha kulia, na aliyekuwa amelala akiamka anashtuka akidhani dereva amepotoka. Rudisha pia saa yako nyuma kwa saa moja. Na mifuko ya plastiki: sisi Kenya tuliipiga marufuku 2017, wao waliipiga 2008, na hawana mzaha. Mmoja wetu alikuwa amefunga viatu vyake katika mfuko wa duka la Uganda. Viatu viliingia Rwanda, mfuko ukabaki.

Nani atawaongelea?

Jambo hili huwa haliingizwi kwenye bajeti, ilhali ndilo huamua bei mtakayotajiwa sokoni. Sipi ni karibu nyumbani. Lugha ya Wagisu wa Mbale inaelewana sana na Kibukusu, na wenzetu wa Bungoma hutahiri Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili sawasawa na Wagisu wanavyofanya imbalu yao. Yule wa Bungoma katika kundi letu (si yule wa karatasi, ni mwingine) aliteremka stendi ya Mbale, akasalimu, na nauli ya kwenda Sipi ikapungua tukiwa tumesimama pale pale. Ukipanda mlima unakutana na Wasebei wa Kapchorwa, ambao lugha yao ni ndugu ya Kikalenjin. Msianze kuwaringia kwa habari za mbio. Huko ndiko alikotoka Stephen Kiprotich, aliyewanyang'anya Wakenya dhahabu ya marathoni katika Olimpiki ya London mwaka 2012, na Joshua Cheptegei, bingwa wa mita 10,000 wa Paris 2024. Watawakumbusha.

Tanzania lugha ni moja, na ndiyo maana Mkenya huharibu mapema. Siku ya kwanza Mwanza niliingia mgahawani nikasema, "Nipe chai na chapati mbili." Mama aliyekuwa akihudumia aliniangalia kwa utulivu. "Umeamkaje, baba?" akauliza. Nikajibu salama. "Haya, sasa unasemaje?" Nikasema, "Shikamoo mama. Naomba chai, na chapati mbili." "Marahaba." Chai ikaja, na chapati zilikuwa tatu. Kuanzia siku hiyo kila aliyesema "nipe" katika kundi letu alilipa faini ya shilingi 500 za kwao kwenye mfuko wa pamoja, na faini hizo zilitununulia mananasi Nansio.

Rwanda, Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, na Kigali hamtapotea. Vijijini kando ya Kivu mambo ni Kinyarwanda. Watu ni wapole, bei nyingi zimebandikwa, na pikipiki hubeba abiria mmoja tu, mwenye helmeti. Kubishana bei kama tunavyofanya Kibuye ya kwetu, lile soko la Kisumu, hakufiki mbali.

Kitanda na sahani

Sipi ndiko wanakopokea sana watu wa mabegi: vyumba vya vitanda vingi, mahema, mandhari ya bonde zima chini ya miguu yenu. Kuna baridi ya usiku ambayo mtu wa Kondele, kwetu Kisumu, haijui, bebeni sweta nzito. Ukerewe hakuna kitu cha watalii cha kusema, kuna gesti za kawaida, safi, za wafanyabiashara wa samaki. Gesti tuliyofikia Mwanza ilikataa katakata wanaume wawili kulala kitanda kimoja, hivyo tulilipa chumba kwa kila mtu, na bado haikufika nusu ya kitanda kimoja cha Kigali. Rwanda malazi ndiyo yaliyotumaliza.

Kwenye chakula nitumie kipimo cha mtu wa ziwani. Omena yetu inaitwa mukene Uganda na dagaa Mwanza, samaki yule yule mmoja. Mbuta wetu kule Tanzania ni sangara. Ukerewe tulikula sato, yaani ngege, aliyetoka majini asubuhi hiyo, na ugali wa muhogo, mweupe na unaonata vidoleni, kwa bei ambayo Kisumu ungepata nayo kichwa na mkia. Kivu kuna isambaza, wadogo kama omena lakini si omena. Walitolewa Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1950 wakapandikizwa pale. Hukaangwa kavu wakaliwa kwa mkono kama njugu. Sipi iko mbali na ziwa, ila Mbale kuna malewa, machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga. Nusu ya kundi iliomba tena, nusu ikatafuta rolex, ile chapati ya mayai iliyokunjwa, ambayo ni rafiki wa kweli wa msafiri asiye na pesa kote Uganda.

Mtaona nini

Sipi ni maporomoko matatu, lile kubwa likianguka mita 100 hivi. Kijana wa kijijini akiwaongoza mnayazunguka yote kwa nusu siku, mkipitia mashamba ya kahawa, na jioni mnaweza kukaanga na kutwanga kahawa yenu wenyewe kwa kinu. Siku ya pili miguu inauma na hakuna jingine kubwa la kufanya, jambo ambalo kwa kundi lililochoka na kazi ni sifa. Mkiwa na siku ya ziada, rudini kupitia Jinja mwone Nile inavyoanza. Wale wanaowashusha watu kwa mitumbwi kwenye mawimbi ya mto hutoza kwa dola, na si dola chache. Sisi tulikaa ukingoni tukatazama wengine wakipiga mayowe.

Ukerewe ni kukodi baiskeli na kuzunguka. Mashamba ya muhogo na mipunga, mawe, fukwe tupu, na ikulu ya zamani ya mtemi pale Bukindo. Watoto watawafuata. Kuogelea ni majaribu makubwa, lakini ni ziwa letu lile lile na kichocho ni kile kile, kwa hiyo fanyeni kama mnavyofanya Dunga, ufukwe wetu wa Kisumu: tazameni.

Kivu, lazima niseme ukweli, ndiyo nzuri kuliko zote. Milima inaingia majini moja kwa moja, na maji yenyewe yana kina cha karibu mita 480, ilhali ziwa letu haligusi hata 90. Chini kabisa kuna gesi ya methani, na karibu na Karongi kuna mtambo unaoivuta na kuigeuza umeme tangu 2016. Jua likizama wavuvi hutoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, miti mirefu ya nyavu ikichomoza mbele na nyuma kama pembe, na wote wanaimba ili makasia yaende pamoja. Tulisimama kwenye kilima hadi taa zao zikawa nukta. Hapo hakuna aliyekumbuka basi. Kigali nayo ina Makumbusho ya Mauaji ya Kimbari pale Gisozi, ambako zaidi ya watu 250,000 wamezikwa. Hakuna kiingilio, na msipange jambo jingine la mchana huo. Angalieni pia msifike Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi, wakati wa umuganda, kazi ya pamoja ya taifa, maana mji husimama.

Wengine husifu Rubavu, juu zaidi kwenye ziwa hilo. Rubavu imepakana na Goma, na Goma ilitwaliwa na waasi wa M23 mnamo Januari 2025. Kwa kundi la kwanza mimi ningebaki Karongi.

Mfuko wa pamoja

Popote mtakapochagua, kundi la watu wanne linashinda la watano. Vyumba huuzwa kwa wawili wawili, na yule wa tano daima ndiye analalia mkeka au analipa mara mbili. Tulijaribu njia ya "wewe lipa, nitakutumia" katika safari ya kwanza. Hadi leo kuna Sh1,850 ya Sipi ambayo haijatumwa, na mwenye deni namwona kila Jumapili.

Sasa kila mtu anaweka pesa yote mezani kabla ya kuondoka. Mmoja anashika, mwingine anaandika kwenye daftari, na hao wawili wasiwe wapenzi wala ndugu. Kila usiku daftari linasomwa kwa sauti. Bia, zawadi na salio la simu ni vya mfuko binafsi. Shilingi moja ya Kenya hupata kama 28 za Uganda, 19 au 20 za Tanzania na faranga 11 za Rwanda, hivyo mshika pesa awe mtu asiyelewa akiona noti za elfu hamsini. Pale Sirari mbadilishaji mmoja alitujazia noti mkononi, zikahesabika sawasawa. Kwenye basi tukagundua tatu zilikuwa zimekunjwa katikati katikati ya bunda, kila moja ikahesabiwa ncha zote mbili. Tangu hapo tunahesabu noti ikiwa imenyooshwa, moja moja juu ya paja, hata kama basi linapiga honi.

Mimi ningechagua hivi

Kundi ambalo halijawahi kusafiri pamoja liende Sipi. Siku nne, kitambulisho tu, na atakayegombana na wenzake anaweza kufika Bungoma siku hiyo hiyo. Msiipange kwa uzuri wa picha, ipangeni kama mazoezi: ni nani huamka mapema, nani anakoroma, nani anasahau deni.

Mkirudi mkiwa bado mnasalimiana, Ukerewe. Ndiyo ninayoipenda mimi, na si kwa sababu ni rahisi. Kuna jambo la ajabu katika kukaa Nansio jioni, ukitazama maji yale yale yanayofika Dunga, ukisikia Kiswahili chako kikirekebishwa na mtoto wa darasa la tatu.

Kivu iacheni hadi muwe na siku kumi au zaidi, na Sh40,000 kwa kila mtu, maana ile 33,000 yetu iliishia Kampala wakati wa kurudi tukala rolex siku mbili. Mkipungukiwa siku, msiifupishe, iahirisheni. Waliokwenda kwa siku sita nawajua, na wanachosimulia ni viti vya basi.

Meli ya Nansio, kateni tiketi mara tu mnapofika bandarini Mwanza, na wahini viti vya upande wenye kivuli. Saa tatu za jua la ziwani si mchezo, na begi la mgongoni halifanyi mwavuli.